Namna ya Kusoma Tangazo la Ruzuku, Mkopo au Mkutano wa Kijiji, na la Kufanya Baada ya Kulisoma

Katika vijiji vya Rungwe, Mufindi, Wanging'ombe na Mbozi, kama ilivyo katika mitaa ya Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa, habari ya fedha za umma kwa kawaida hufika ikiwa karatasi moja iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji au ya kata. Kutoka hapo hurudiwa na mwenyekiti wa kitongoji, husomwa kanisani baada ya ibada, hutangazwa kwa kipaza sauti siku ya gulio, na siku hizi hupigwa picha na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp. Kila inapopita kinywani mwa mtu mwingine hupungukiwa na kitu: tarehe ya mwisho husahaulika, masharti hufupishwa, na mkopo unaotakiwa kurejeshwa hugeuka kuwa msaada wa bure.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwananchi anayetaka kulifikia tangazo lenyewe, kulielewa, na kufanya jambo kabla muda haujapita. Karibu kila fedha ya umma inayofika kijijini ina hatua moja au zaidi ambapo sheria, kanuni au utaratibu wa mradi unataka mwananchi awepo: kuitaja kaya yenye uhitaji, kuchagua kamati, kupitisha mpango, kusikiliza hesabu. Kazi ya tangazo ni kumwambia hatua hiyo ni lini na ni wapi. Hatua hiyo ikipita watu wakiwa hawapo, uamuzi huandikwa kwa majina ya wachache waliohudhuria, na kuurekebisha baadaye ni kazi ngumu mara nyingi zaidi ya kuhudhuria.

Soma kuanzia chini

Wengi huanza na kichwa cha tangazo kwa sababu kimeandikwa kwa herufi kubwa. Nashauri uanzie chini kabisa, kwenye saini, cheo, mhuri na tarehe. Cheo cha aliyesaini ndicho kinachokueleza fedha iko mikononi mwa ofisi ipi, na kwa hiyo swali lako lipelekwe wapi. Tangazo lililosainiwa na Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri linahusu jambo linaloamuliwa makao makuu ya halmashauri, yaani Tukuyu kwa mtu wa Rungwe, au Rujewa kwa mtu wa Mbarali. Mtendaji wa kijiji anaweza kukufafanulia, lakini si yeye anayekubali wala kukataa ombi. Tangazo lililosainiwa na Afisa Mtendaji wa Kijiji, hasa la mkutano, linahusu jambo ambalo kijiji chenyewe kina sauti ya kuliamua, na huko ndiko nguvu ya mwananchi ilipo kubwa kuliko kwingine kote.

Baada ya saini, tazama tarehe ya kuandikwa na namba ya kumbukumbu, ambayo kwa kawaida hukaa juu ya karatasi ikitanguliwa na "Kumb. Na." Namba hiyo iandike, kwa kuwa barua yoyote utakayoiandika baadaye itakuwa na uzito zaidi ikiitaja. Kisha tafuta tarehe ya mwisho, sifa za wanaohusika, viambatisho vinavyotakiwa, na mahali pa kupeleka. Nakili yote hayo kwenye daftari, au piga picha ya karatasi nzima, ukihakikisha kwamba saini na mhuri vinaonekana. Picha iliyokatwa nusu ndiyo inayozaa uvumi.

Tangazo lililokufikia kwa simu bila saini, mhuri wala namba ya kumbukumbu, likikutaka utume ada ya usajili, namba yako ya siri ya simu au picha ya kitambulisho cha Taifa, usilijibu kabla hujauliza katika ofisi ya kata. Tovuti za taasisi za Serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, na halmashauri nyingi huweka matangazo yao huko pia. Tangazo linalodai kutoka serikalini lakini linakupeleka kwenye anwani ya namna nyingine lina kasoro ya kutosha kulitilia shaka.

Kwa sisi tunaoishi nyanda za juu kuna jambo la majira ambalo halina budi kuzingatiwa. Mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili, na sehemu za Rungwe na Kyela huvuka hadi Mei. Katika miezi hiyo watu huhamia mashambani, barabara za vijijini huharibika, na karatasi iliyobandikwa nje hulowa na kuchanika ndani ya siku chache. Ni miezi hiyo hiyo ambayo mipango ya mwaka wa fedha unaofuata huandaliwa. Kwa hiyo kila kitongoji, au kila jumuiya ndogo ndogo ya kanisa, au kila kikundi cha kuweka na kukopa, kimteue mtu mmoja wa kupita kwenye ubao kila wiki na kuwasomea wenzake, akiwaeleza wazee kwa Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kisafwa pale inapohitajika. Mteule huyu awe mtu anayesoma neno kwa neno bila kuongeza lake.

Tangazo la mikopo ya halmashauri

Tangazo linalosubiriwa zaidi ni lile la mikopo ya asilimia kumi. Tangu mwaka 2018, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 baada ya kubainika kasoro nyingi, vikiwemo vikundi hewa na marejesho yasiyolipwa, ukarejeshwa mwaka 2024 chini ya kanuni mpya. Halmashauri 10 kati ya 184 zilichaguliwa kufanya majaribio ya kupitia benki, na nyingine zikaendelea kwa utaratibu ulioboreshwa ndani ya halmashauri zenyewe.

Wanaochelewa huamini kwamba kazi huanza siku tangazo linapotoka, lakini kikundi kinachofanikiwa huwa kimeshamaliza sehemu kubwa ya kazi kabla ya siku hiyo. Kikundi kinatakiwa kiwe kimesajiliwa kupitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, kiwe na katiba, viongozi, mihtasari ya vikao na akaunti ya benki yenye jina la kikundi. Kwa vikundi vya wanawake na vijana idadi ya wanachama isipungue watano. Kwa watu wenye ulemavu masharti ya idadi ni mepesi zaidi, na hata mtu mmoja mmoja ameruhusiwa kuomba. Maombi huingizwa katika mfumo wa kielektroniki ulio chini ya TAMISEMI, yaani ofisi inayosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, lakini Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye anayewaongoza wasio na simu janja au wasiozoea mifumo hiyo, na kumwendea mapema kabla ya foleni ni busara. Kwa mtu wa kijiji kilicho mbali na benki, kufungua akaunti peke yake kunaweza kula siku kadhaa za safari za viongozi watatu. Tangazo linalotoa majuma mawili halitawasubiri.

Sehemu inayohitaji fikra nyingi zaidi ni andiko la mradi. Maafisa wanaopitia maombi wamesoma maandiko mengi yanayofanana, yaliyonakiliwa kutoka kikundi kimoja hadi kingine, yakiahidi ufugaji wa kuku au duka la jumla bila hesabu inayoeleweka. Andiko zuri hueleza shughuli ambayo wanachama tayari wanaijua, hutaja bei za mahali pao, na huonyesha ni mwezi gani fedha itaingia. Jambo hilo la mwezi ndilo linaloangusha vikundi vingi vya kilimo. Kikundi cha Isyonje au Uporoto kinacholima viazi mviringo hupata fedha miezi mitatu hadi minne baada ya kupanda, na kisipopanga marejesho yake yaanze baada ya mavuno, kitalazimika kukopa kwingine ili kulipa mkopo usio na riba. Kikundi kinachotaka kupanda parachichi kina tatizo kubwa zaidi, kwani miche iliyobebeshwa huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kutoa matunda ya kuuzwa. Kwa kikundi hicho naona kitalu cha miche ya kuuza kinafaa zaidi kwa mkopo kuliko shamba lenyewe. Ratiba ya marejesho ijadiliwe kabla ya kusaini mkataba, kila mwanachama akiwepo, kwa maana deni ni la kikundi chote na si la mwenyekiti na mweka hazina pekee.

Mkopo huingia katika akaunti ya kikundi. Mtu yeyote, awe na cheo gani, akiomba "asante" ili jina la kikundi lipitishwe, anaomba rushwa, na TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, hupokea taarifa bila malipo kupitia namba 113. Ukiambiwa kuna ada halali ya jambo lolote, dai namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali na stakabadhi yake.

Tangazo la ruzuku kwa kaya maskini

Matangazo ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ni ya aina mbili, na kuyachanganya kumewagharimu watu wengi. Aina ya kwanza ni tangazo la utambuzi wa kaya, ambalo hutoka kwa nadra sana. Aina ya pili ni tangazo la malipo au la kazi, ambalo huwahusu wale tu waliokwisha kuandikishwa.

Mfuko huo ulianzishwa mwaka 2000, na mpango wa kunusuru kaya maskini ukaanza mwaka 2012 ndani ya awamu ya tatu, kisha kipindi chake cha pili kikazinduliwa Februari 2020. Katika utaratibu huo, kaya haiandikishwi kwa kupeleka barua ofisini. Mkutano wa wananchi huitishwa, wananchi hukubaliana vigezo vya umaskini vinavyofaa mahali pao, huchagua watu wa kuorodhesha kaya katika kila kitongoji, na orodha husomwa mbele ya wote. Baadaye kaya zilizotajwa hujaziwa dodoso linalouliza kuhusu nyumba, mali, elimu na idadi ya watu, na matokeo hurudishwa kwenye mkutano ili wananchi wayathibitishe. Yaani kuna mikutano miwili ambayo kaya inaweza kuingia au kuachwa, na kaya inayoachwa mara nyingi ni ile isiyo na mtu wa kuisemea: bibi anayelea wajukuu mwisho wa kitongoji, mtu asiyeona, mgonjwa wa muda mrefu asiyeweza kutembea hadi ofisini.

Ukiliona tangazo la utambuzi, la kufanya si kujiuliza kama wewe mwenyewe unastahili tu. Zungukia jirani zako, andika majina ya kaya unazozifahamu, na uende nayo mkutanoni. Orodha inaposomwa, sikiliza kwa makini jina lililokosekana na jina lisilostahili, kisha nyoosha mkono na useme hapo hapo, kwa heshima na kwa kutaja sababu zinazoonekana: nyumba ilivyo, watoto wangapi, nani anafanya kazi. Kusema mbele ya jirani kwamba kaya yake haistahili ni jambo zito, na sisi watu wa milimani tuna haya ya kuumbuana hadharani. Lakini kunyamaza mkutanoni na kunung'unika njiani kunamwacha bibi yule bila chochote kwa miaka.

Kwa kaya iliyokwisha kuandikishwa, malipo yamekuwa yakitolewa kila baada ya miezi miwili, kwa kile ambacho walengwa hukiita dirisha. Sehemu ya ruzuku hutegemea masharti: watoto wadogo wapelekwe kliniki na wenye umri wa shule wahudhurie masomo. Malipo yakipungua bila maelezo, anza na mwalimu au mhudumu wa afya anayejaza fomu za mahudhurio, kwa sababu kosa mara nyingi liko kwenye fomu, kisha nenda kwa kamati ya usimamizi ya jamii ya kijiji, na baada ya hapo kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri. Mlengwa mzee anayeshindwa kufika mahali pa malipo anaweza kuwa na mwakilishi, lakini mwakilishi huyo aandikishwe rasmi. Kumpa kijana wa jirani kitambulisho na kumwambia "nenda ukanichukulie" kumeacha wazee wengi mikono mitupu.

Tangazo la ruzuku ya mbolea

Hili ni fupi. Mpango wa ruzuku ya mbolea ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 8 Agosti 2022 katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, na msingi wake ni daftari la wakulima linalotunzwa kijijini. Mkulima huandikishwa jina, ukubwa wa shamba, zao na namba ya simu, na simu hiyo ndiyo inayopokea namba ya kununulia kwa wakala. Kwa hiyo tangazo la kuhuisha taarifa linakuhusu hata kama uliandikishwa msimu uliopita, hasa ikiwa umebadilisha laini ya simu, umekodi shamba jingine, au aliyeandikishwa amefariki na shamba sasa linalimwa na mjane wake. Nenda kabla ya Oktoba. Mvua ya kwanza ikishanyesha, ofisi hujaa watu na mbolea ya kupandia haisubiri.

Tangazo la mkutano mkuu wa kijiji

Hili ndilo tangazo linalodharauliwa kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kubwa zaidi. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu katika sera na mambo ya kijiji, na mjumbe wake ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Hakuna kadi ya chama inayotakiwa, wala kiwango cha elimu, wala kuwa mzaliwa wa hapo. Mkutano wa kawaida hupaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Viongozi waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 wamepewa miaka mitano, lakini uwajibikaji wao kwa wapiga kura hautakiwi kusubiri hadi uchaguzi mwingine.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni, na robo zake huisha mwisho wa Septemba, Desemba, Machi na Juni. Kutokana na hesabu hiyo, ni halali kutarajia taarifa ya mapato na matumizi isomwe na kubandikwa Oktoba, Januari, Aprili na Julai. Mkutano wa kupanga vipaumbele, ule ambapo wananchi husema wanataka zahanati kabla ya ofisi au kisima kabla ya uzio, unapaswa kufanyika mapema, kwa sababu mapendekezo ya kijiji hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri, ambako Baraza la Madiwani hupitisha bajeti kabla Bunge halijaanza kikao chake cha bajeti mwezi Aprili. Mwananchi anayeomba daraja mwezi Mei anaombea mwaka mwingine kabisa.

Tangazo la mkutano likibandikwa, tazama kama limetaja ajenda. Ajenda za mikutano yetu huwa na mpangilio unaojulikana: kufungua, kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, jambo maalumu la siku hiyo, na mengineyo. Watu wengi wenye hoja nzito huziweka hadi mengineyo, wakati jua limekwisha kuegemea, akina mama wameondoka kwenda kupika na mwenyekiti anatafuta namna ya kufunga. Hoja inayohusu ahadi ya zamani mahali pake ni kwenye yatokanayo: muhtasari ukisomwa kwamba mkutano uliopita uliazimia kununua mabati, simama wakati huo huo uulize mabati yako wapi, maana azimio lipo kwenye karatasi na katibu wa mkutano, ambaye ndiye mtendaji, hana budi kujibu. Hoja inayohusu fedha mahali pake ni mara tu baada ya taarifa kusomwa. Kama unataka jambo jipya liwe ajenda kamili, mpelekee mtendaji kwa maandishi siku kadhaa kabla, yakiwa yamesainiwa pia na wenzako wachache.

Swali zuri la hesabu ni fupi na lina tarakimu. "Mmekula fedha zetu" humpa kiongozi nafasi ya kukasirika na kulikwepa jambo. "Taarifa ya Julai ilionyesha salio la shilingi 640,000, na ya leo inaanza na salio la 410,000, tofauti hii imetumika wapi?" ni swali lisilo na matusi na lisilo na pa kukimbilia. Ndiyo maana ya kuinakili taarifa iliyobandikwa kila robo.

Hakikisha jina lako limo kwenye orodha ya mahudhurio na kwamba hoja yako imeingia kwenye muhtasari. Wanawake na vijana wanaohofia kuzungumza mbele ya wakubwa wanaweza kukubaliana mapema mmoja wao aseme kwa niaba ya wote, na wengine wamuunge mkono kwa kusimama.

Fedha za ujenzi na michango

Shule, zahanati na nyumba za walimu nyingi zilizojengwa vijijini miaka ya karibuni zimejengwa kwa fedha zinazoletwa moja kwa moja katika ngazi ya chini, zikitumia mafundi wa eneo hilo badala ya mkandarasi mkubwa. Katika utaratibu huo huundwa kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na wananchi huwa wajumbe. Kwa hiyo tangazo la "uchaguzi wa kamati" ni tangazo la fedha, hata kama neno fedha halimo. Chagueni kwenye kamati ya mapokezi mtu anayehesabu mifuko ya saruji mmoja mmoja na asiyesaini hati ya mzigo ambao hajauona ukishushwa. Fundi mstaafu au mama anayeendesha duka la vifaa hufaa kuliko mtu mwenye maneno mazuri.

Kuhusu michango ya wananchi, iwe ni fedha, mchanga, mawe, tofali za kuchoma au nguvukazi ya Jumamosi, ulizeni mambo matatu: iliamuliwa katika mkutano upi, itaandikwa wapi, na stakabadhi iko wapi. Tofali ulizopeleka zina thamani ya fedha na zinastahili kuandikwa kwenye taarifa ya mradi kama zilivyoandikwa mabati ya Serikali.

Unapotaka kuona hesabu na huzioni

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka za umma, na mwenye taarifa anapaswa kujibu mapema iwezekanavyo, bila kuzidi siku 30. Ombi liwe la maandishi, lenye adabu, na litaje taarifa moja inayoeleweka. Barua ifuatayo inaweza kunakiliwa na kujazwa:

Kitongoji cha ………,
Kijiji cha ………,
Tarehe ………

Afisa Mtendaji wa Kijiji,
Kijiji cha ………

YAH: MAOMBI YA TAARIFA YA MAPATO NA MATUMIZI YA KIJIJI, ROBO YA JULAI HADI SEPTEMBA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni raia wa Tanzania na mkazi wa kitongoji kilichotajwa. Naomba nakala ya taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji kwa kipindi tajwa, pamoja na muhtasari wa mkutano mkuu uliopokea taarifa hiyo, kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Niko tayari kugharamia unakili wa karatasi kwa kupewa stakabadhi. Natanguliza shukrani.

Jina, saini na namba ya simu.

Andika nakala mbili. Moja ibaki ofisini, na ya pili igongwe mhuri wa "imepokelewa", isainiwe na kuwekwa tarehe, kisha urudi nayo nyumbani, maana siku 30 huhesabiwa kwa kuitazama tarehe hiyo. Ikiwa mtendaji hayupo kwa siku kadhaa, ipeleke kwa Afisa Mtendaji wa Kata. Siku zikiisha bila jibu, au ukinyimwa bila sababu, andika kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ukiambatisha nakala ya barua ya kwanza, na nakala nyingine mpe diwani wa kata yako ili aweze kuliuliza jambo hilo katika Baraza la Madiwani. Majibu yakionyesha fedha iliyopotea badala ya karatasi iliyopotea, barua hizo zote pamoja na taarifa ulizonakili kila robo ndizo utakazozipeleka ofisi ya TAKUKURU ya wilaya. Piga nakala kwanza, na nakala halisi zibaki kwako.